Mbwa Nyuma ya Geti, Paka Barazani

Pita Kilimani au Lavington jijini Nairobi, au Mikocheni na Masaki jijini Dar es Salaam, na maneno mawili yatakusindikiza geti hadi geti: MBWA KALI. Kibao cha bati, mara nyingi chenye picha ya mbwa aliyetoa meno, ndiyo salamu ambayo nyumba nyingi za mjini humpa mpita njia. Kisha nenda Lamu, au Mji Mkongwe wa Unguja, jioni baada ya Alasiri. Wazee wamekaa barazani, na katikati yao amelala paka ambaye hakuna hata mmoja wao atakayekuambia kwa uhakika ni wa nani. Nyumba zote hizo zina mnyama. Za kwanza zinamtumia kumweka jirani mbali. Za pili zimemwacha awe wa majirani wote.

Siku hizi yanasemwa mengi kwamba mnyama wa nyumbani ni dawa ya upweke na gundi ya ujirani. Madai hayo yana ukweli, ila husimuliwa nusu. Nikiweka pamoja matokeo ya utafiti na maisha ya mitaa yetu, ninaona kwamba mnyama huwaunganisha majirani pale anapovuka kizingiti cha nyumba na maisha yake yakahitaji mkono wa zaidi ya mtu mmoja. Akifungiwa ndani ya ukuta anaweza kumliwaza mwenye nyumba, lakini mtaa utabaki ulivyokuwa.

Kwanza upweke wenyewe. Tumezoea kuuona ugonjwa wa Ulaya na Marekani, wa wazee wanaofia ndani ya fleti zao bila mtu kujua. Uingereza ilipomteua waziri wa kushughulikia upweke Januari 2018, na Japani ikafanya vivyo hivyo Februari 2021, wengi wetu tuliisoma habari hiyo kama ya watu wa mbali. Sisi tuna ukoo, tuna misiba na harusi, tuna vikoba na vyama. Lakini ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mahusiano ya kijamii, iliyotolewa Juni 2025, inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na inakadiria kwamba upweke unahusika na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka, yaani kama 100 kila saa. Katika nchi za kipato cha chini, kiasi cha asilimia 24 ya watu walijieleza kuwa wapweke. Katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Walioathirika zaidi ni vijana kuliko wazee. Kwa hiyo ugonjwa tuliodhani ni wa nchi tajiri umezidi mara mbili katika nchi maskini, tena umewashika zaidi vijana.

Anayeishi mjini hawezi kushangaa sana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini Nairobi, na wastani wa watu 2.9 kwa kaya, wakati wastani wa Kenya nzima ulikuwa 3.9. Sensa ya Tanzania ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728. Wengi wao wamekuja kutafuta maisha, wakaacha nyuma watu waliowajua tangu utotoni. Kijana anapanga chumba kimoja Kasarani au Sinza, anaondoka alfajiri kabla jirani hajaamka, anarudi usiku jirani ameshafunga mlango. Mwaka unaisha hajui jina la anayelala upande wa pili wa ukuta, ingawa anaujua muziki anaoupenda na saa anazogombana na mkewe.

Serikali zetu zimejaribu kuujenga ujirani kwa utaratibu. Tanzania ina historia ndefu ya balozi wa nyumba kumi, tangu enzi za chama cha TANU, na Kenya ilianzisha mpango wake wa Nyumba Kumi mwaka 2013 kwa ajili ya usalama. Mipango hiyo ina faida: mgeni anajulikana, mwizi anatambuliwa. Lakini kumjua jirani kwa ajili ya kumlinda au kumchunguza hakukupi la kuzungumza naye mkikutana kwenye ngazi. Mjini kinachokosekana ni kisingizio, jambo dogo lisilo na hatari, la kumfanya mtu asimame dakika mbili mbele ya mtu asiyemjua. Kuuliza "unafanya kazi wapi?" kuna harufu ya upelelezi. Kuuliza "huyu paka anaitwaje?" hakumtishi mtu.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa njia rahisi. Mwaka 2000 June McNicholas na Glyn Collis wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio mawili. Katika la kwanza, mwanamke aliendelea na shughuli zake za kila siku, mara akiwa na mbwa, mara bila mbwa, na ikahesabiwa ni watu wangapi walizungumza naye. Mbwa yule alikuwa amefundishwa asimchokoze mtu wala kujipendekeza kwa yeyote, lakini mazungumzo yaliongezeka mno kila alipokuwepo. Katika la pili walimtumia mwanamume na mbwa mwingine, mara wakiwa nadhifu, mara wakiwa wachafuchafu. Unadhifu ulisaidia kidogo, lakini pengo kubwa kuliko yote lilikuwa kati ya kuwa na mbwa na kutokuwa naye, vyovyote mtu alivyovaa. Nalipenda jaribio hili la pili kwa sababu linagusa ugonjwa wa miji yetu, ambako kiatu na simu ndivyo vinavyoamua nani asalimiwe.

Miaka minne baadaye, huko Belfast, Deborah Wells alionyesha kwamba hata aina ya mbwa ina maana. Mwanamke aliyekuwa na mbwa wa aina ya Labrador, hasa mtoto wa mbwa, alipata tabasamu na maneno ya watu. Akiwa na Rottweiler, wapita njia wengi zaidi walimpita kimya. Akiwa na mwanasesere wa dubu au mmea kwenye chungu walimkodolea macho, ila wachache walimchekea au kumsemesha. Yaani watu hawasimami kwa sababu tu ya kuona kitu kigeni. Wanasimama kwa kiumbe wanayemwona mpole.

Utafiti unaonishawishi zaidi ni wa Lisa Wood na wenzake, uliochapishwa 2015. Waliwahoji watu 2,692 katika miji ya Perth nchini Australia, na San Diego, Portland na Nashville nchini Marekani. Wenye wanyama walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamewajua watu wa mtaani mwao, na kwa baadhi yao ujirani huo ulikua hadi kusaidiana: kuazimana vitu, kushauriana, kuangaliziana mnyama mmoja akisafiri. Hapa tunaondoka kwenye salamu za njiani na kuingia kwenye ujirani wenyewe. Salamu hazimtoi mtu upwekeni. Kinachomtoa ni kuwa na mtu anayeweza kumgongea mlango bila kuona haya, na mnyama humpa sababu ya kugonga mara ya kwanza.

Hili tunaweza kuliona kwetu kila Desemba. Nairobi inapomwagika kwenda mashambani, na mabasi ya Dar es Salaam, yaliyohama Ubungo kwenda Mbezi, yanapojaa watu wa Moshi na Bukoba, mwenye paka au mbwa anakabiliwa na swali ambalo mwenye televisheni hakabiliwi nalo. Televisheni utaifungia ndani. Paka lazima mtu amlishe. Basi unakwenda kwa jirani wa mlango wa pili, ambaye mwaka mzima mmekuwa mkiitikiana kwa kichwa tu, unamwachia ufunguo na mfuko wa dagaa. Kumkabidhi mtu ufunguo wa nyumba yako ni hatua kubwa mjini. Ukirudi unambebea ndizi au mahindi ya nyumbani, na kuanzia siku hiyo si mtu wa kuitikiana kwa kichwa tena.

Lakini nisiyapambe mambo. Kuna madai mengine kuhusu wanyama ambayo ushahidi wake umelegea. Yanayorudiwa sana yanatokana na utafiti wa Erika Friedmann wa 1980 nchini Marekani, uliowafuatilia kwa mwaka mmoja wagonjwa 92 wa moyo. Kati ya 53 waliokuwa na wanyama nyumbani walikufa 3, na kati ya 39 wasio na wanyama walikufa 11. Takwimu hizo zilizunguka dunia nzima, na watu wakaanza kusema kwamba paka anatibu moyo. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Hal Herzog alipitia utafiti uliofuata akakuta matokeo yanapingana: mengine yanaonyesha faida, mengine hayaonyeshi kitu, mengine yanaonyesha hasara. Tena mwenye afya, nafasi na kipato ndiye huwa na uwezo wa kufuga mbwa, kwa hiyo ni vigumu kujua kipi kimezaa kipi. Msimamo wangu ni kwamba tuyaache ya moyo na shinikizo la damu kwa madaktari. Yanayoonekana wazi ni ya barabarani na ya mlangoni.

Pwani yetu ina jambo la kuufundisha ulimwengu hapa. Paka wa mji wa Kiswahili ana historia na hadhi yake. Kila mtoto wa chuo cha Kurani amesimuliwa habari za Abu Huraira, sahaba aliyepata jina hilo kwa kupenda paka, na habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Imepokewa pia kwamba Mtume alimhesabu paka kuwa si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaowazunguka watu majumbani mwao. Mafundisho hayo yamekaa katika mwili wa mji. Wavuvi wakishusha samaki, matumbo na vichwa vina wenyewe. Uchochoro hauna gari la kumkanyaga paka, paa limepakana na paa, baraza iko nje ya mlango na mtu yeyote anaruhusiwa kukaa. Katika mji uliojengwa hivyo paka hana haja ya kuwa mali ya mtu mmoja. Asubuhi yuko huku, mchana kule, na katika kila nyumba ana jina lake.

Ndipo utasikia mazungumzo ya namna hii, kijana aliyehamia juzi akimwambia mama wa nyumba ya pili:

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Huyu Chui wako leo kalala kwangu."

"Marahaba. Si wangu, mwanangu. Kwangu huja kula samaki tu, kulala ana kwao."

Maneno hayo ni mepesi, lakini kijana ameshaingia mtaani. Kesho atapita na kuulizwa kama Chui kaonekana, kesho kutwa ataulizwa kama keshakula yeye mwenyewe. Mgeni hupata mlango wa kuingilia bila kutambulishwa na mtu, na bibi aliyebaki peke yake baada ya watoto kwenda Muscat au London ana kiumbe anayemletea watu mlangoni. Tukitafuta mnyama anayeondoa upweke wa mtaa mzima, mfano bora ninaoujua ni huyu paka mwenye nyumba nyingi.

Mfano huo una ndugu yake mkubwa Istanbul, mji wa mamilioni ya watu ambao paka wake hulishwa na wenye maduka, wanafunzi, waumini na wapita njia. Filamu ya Ceyda Torun iitwayo Kedi, ya mwaka 2016, iliuonyesha mji huo kupitia paka wake, na mwaka huohuo wakazi wa Kadıköy walisimamishiwa sanamu ya shaba ya Tombili, paka mnene wa mtaa wao aliyekuwa amekufa. Mtaa mzima uliomboleza pamoja. Lakini Istanbul hiyohiyo, mwaka 1910, iliwakusanya makumi ya maelfu ya mbwa wa mitaani ikawatupa kwenye kisiwa kisicho na maji wafe kwa kiu na njaa. Na sheria ya Uturuki ya 2004, iliyoagiza wanyama wa mitaani wafungwe kizazi, wachanjwe na kurudishwa walikotoka, ilibadilishwa mwaka 2024 ili mbwa waondolewe barabarani, huku maelfu ya watu wakiandamana kupinga. Mnyama wa wote huweza pia kuwa mnyama asiye na mtetezi. Lamu na Unguja wanalijua hilo: paka wanazaana kupita chakula kilichopo, wanaugua macho na ngozi, wengine huwekewa sumu. Kufunga kizazi ndiyo gharama ya kuendelea kuwa na paka wa mtaa kwa heshima, na kazi hiyo haiwezi kuachiwa wageni wanaopenda paka pekee.

Watoto wa kiume wana jambo lao pia, njiwa. Katika mitaa mingi ya Mombasa, Tanga na Unguja, wavulana wanaofuga njiwa wanajuana mtaa hadi mtaa kwa sababu ndege hawaheshimu ukuta. Njiwa wa huyu akifuata kundi la yule, lazima mtu aende kudai, na kudai huko huanza kwa ugomvi na mara nyingi huishia kwa kubadilishana makinda.

Mbwa ana hadithi ngumu zaidi, na hapa sitaki kuwalaumu wanaomwogopa. Katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Dini hiyohiyo inamsifu mtu aliyeshuka kisimani akampandishia maji mbwa mwenye kiu, kwa hiyo suala la najisi halikuwa ruhusa ya ukatili hata siku moja. Bara, mbwa alikuwa mwenzi wa mwindaji na mchungaji, kisha ukaja ukoloni na mbwa wa mlowezi na wa polisi, aliyefundishwa kumtofautisha mwenye nyumba na mfanyakazi. Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 mbwa wengi walipigwa risasi kwa kuwa walikuwa wamekula maiti, na aliyeyaona hayo hahitaji mtu wa kumfundisha kumpenda mbwa.

Juu ya yote kuna kichaa cha mbwa. Inakadiriwa kuwa ugonjwa huu unaua watu kama 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kama asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mtoto wa uswahilini akikimbia mbwa koko, mwili wake unajua kitu cha kweli. Kwa hiyo hatuwezi kuhubiri mapenzi ya wanyama katika mtaa ambao mbwa hawajachanjwa. Chanjo ndiyo msingi wa ujirani wa mbwa. Ikiwafikia mbwa kama asilimia 70 katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Pemba walithibitisha: kampeni za chanjo zilizoanza 2010 ziliukata ugonjwa, ukaingia tena 2016, chanjo ikarudishwa kwa nguvu na ukakatwa tena. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ifikapo 2030, mwaka ambao pia ni lengo la dunia. Pale mbwa wote wa mtaa wanapokuwa wamechanjwa, na watu wanajua kwamba wamechanjwa, ndipo mama anaweza kumwachia mtoto wake anyooshe mkono.

Hebu turudi kwenye mitaa ya kuta ndefu, kwa sababu kuna jambo pale ambalo wataalamu wa Perth hawakulikuta. Mbwa wa Lavington hutembezwa kweli. Ila anayemtembeza si mwenye mbwa. Ni kijana wa kazi au mlinzi wa geti. Asubuhi utawakuta vijana watatu au wanne wamekutana kwenye kona, kamba mikononi, wanazungumza habari za nyumbani Kakamega au Kitui, huku mbwa wakinusana. Hao ndio waliopata faida yote iliyoandikwa katika vitabu: wanajuana, wanaulizana hali, wanasaidiana kutafuta kazi mmoja anapofukuzwa. Waajiri wao wamo ndani ya magari yenye vioo vyeusi, na miaka kumi ya kufuga mbwa haijawapa rafiki hata mmoja mtaani. Ujirani humwendea aliyeshika kamba. Msitu wa Karura, ambako mbwa wanaruhusiwa wakiwa wamefungwa kamba, ni mojawapo ya sehemu chache jijini Nairobi ambapo wenye mbwa wanawatembeza wenyewe, na si ajabu kwamba ni mojawapo ya sehemu chache ambapo watu wasiojuana husalimiana. Dar es Salaam yenye watu zaidi ya milioni 5 inahitaji maeneo ya namna hiyo, yenye kivuli, yasiyo na kiingilio kikubwa.

Upande wa pili wa mji, katika ploti na nyumba za kupanga, kizuizi ni mwenye nyumba. "Hakuna wanyama" ni sharti la kawaida, liwe limeandikwa au limetamkwa siku ya kulipa kodi. Ninaelewa linakotoka: harufu, kelele, mikwaruzo milangoni, malalamiko kwa msimamizi wa nyumba. Lakini matokeo yake ni mabaya kuliko inavyodhaniwa. Mpangaji anayemficha paka huwa mpweke zaidi ya asiye na paka. Hafungui dirisha, hakaribishi mgeni, anamwogopa jirani atakayemchongea. Mnyama yuleyule ambaye angemfungulia milango ndiye anayemfungia.

Singapore iliishi na hali hiyo kwa miaka 35. Tangu 1989 paka walikatazwa katika fleti za umma, ambamo wanaishi karibu wakazi 8 kati ya 10, na watu wengi wakawafuga kwa kificho. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2024 waliruhusiwa, paka wasiozidi 2 kwa fleti, kwa masharti ya kusajiliwa na kuwekewa chipu ya utambulisho. Ufaransa ina sheria tangu tarehe 9 Julai 1970 inayomzuia mwenye nyumba kumkataza mpangaji kufuga mnyama wa nyumbani, mradi mnyama huyo hasababishi uharibifu wala kero, ingawa mbwa wa hatari wanaweza kukatazwa. Kwetu sheria kama hiyo itachelewa. Hata hivyo wenye nyumba wanaweza kuanza na kitu kidogo: mnyama aruhusiwe kwa cheti cha chanjo, amana kidogo ya uharibifu, na idhini ya majirani wa ghorofa moja. Sharti la mwisho lina uzito wake, kwa kuwa linamlazimu mpangaji kugonga milango na kujieleza kabla hata mnyama hajafika.

Kero zenyewe ni za kweli. Mbwa anayebweka usiku kucha humfanya jirani amchukie mwenye mbwa kabla hajamjua. Kinyesi kwenye korido hakisameheki, na mwenye pumu au mzio wa manyoya ana haki zake. Mwislamu anayetoka kuswali hapaswi kurukiwa na mbwa wa mtu kwenye lifti kisha aambiwe kwamba mbwa anacheza tu. Ujirani wa mnyama unasimama juu ya adabu ya mwenye mnyama.

Kuna pia pingamizi zito zaidi: wapo watu wasio na chakula cha watoto, na sisi tunazungumzia chakula cha paka. Pingamizi hilo lina haki dhidi ya tajiri anayemlisha mbwa nyama huku mlinzi wake akilala njaa. Halina nguvu dhidi ya paka wa mtaa anayekula mifupa ya samaki na kukamata panya ghalani. Na kwa mpweke, ambaye siku nzima hakuna aliyemhitaji, mnyama anayemsubiri amlishe si anasa. Mzee aliyestaafu Temeke au Kisauni, ambaye simu yake haiiti hadi mtu awe na shida ya pesa, huamka kwa sababu kuna kiumbe anayelia mlangoni.

Mnyama akifa, mjini hakuna mahali pa kuupeleka msiba huo. Ukisema ofisini kwamba unalia kwa ajili ya mbwa utachekwa. Atakayekuelewa ni jirani aliyekuwa akimwita kwa jina kila asubuhi, na pole yake itakuwa ya kweli kwa sababu naye amepoteza. Nadhani hiki ndicho kipimo: kama mnyama wako akifa leo na hakuna hata mtu mmoja mtaani atakayegundua, basi alikuwa mnyama wa chumba chako tu.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na maofisa wa mifugo wa kaunti na wilaya hutumia siku za karibu nayo kuendesha kampeni za chanjo. Uliza ofisi ya mtaa wako chanjo itatolewa wapi. Mshike mbwa wako kamba wewe mwenyewe, na ukiwa njiani mpitie jirani mwenye mbwa ambaye hujawahi kuzungumza naye, mwende pamoja.